Kurudi Nyuma na Kufikiri: Mji wa Tongli na Swali la Kujitenga

Tongli ni mji mdogo wa kale uliojengwa juu ya maji, katika wilaya ya Wujiang, kilomita zipatazo 20 kusini-mashariki mwa jiji la Suzhou, jimbo la Jiangsu, China. Umezungukwa na maziwa matano, na ndani yake mifereji 15 imeukata vipande saba vinavyoshikanishwa na madaraja 49. Nyumba nyingi za ukingoni zina milango miwili: wa mbele hutokea kichochoroni, wa nyuma hutokea kwenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Kwa karne nyingi mji huu ulikuwa mahali pa kurejea kwa watumishi wa serikali waliostaafu, waliochoka na waliofukuzwa kazi. Kwa hiyo ukimya wake umebeba swali ambalo wanafalsafa wa China walibishania kwa zaidi ya miaka elfu mbili: mtu anayejitenga na shughuli za umma anaukimbia wajibu wake, au anautimiza kwa njia nyingine?

Swali hilo limo ndani ya jina la bustani mashuhuri kuliko zote mjini humo, Tuisi Yuan, yaani Bustani ya Kurudi Nyuma na Kufikiri. Lakini jibu lake linaanzia nje ya kuta za bustani, kwenye mifereji.

Mji uliojificha

Wenyeji husimulia kwamba zamani mji huo uliitwa Futu, yaani ardhi tajiri. Jina la namna hiyo lilikuwa sawa na kuwapigia baragumu watoza kodi. Wasomi wa mji wakaziandika herufi mbili za jina hilo moja juu ya nyingine, wakaifuta nukta iliyo kileleni mwa herufi ya kwanza, kisha wakaikata herufi hiyo katikati. Sehemu ya juu ikawa *tong*, yaani "moja" au "sawa". Sehemu ya chini, ambayo peke yake husomeka "shamba", wakaiunganisha na herufi ya pili, "udongo", ikawa *li*, yaani "mtaa". Futu ikageuka Tongli, jina la kawaida lisilomshtua mtu. Mistari ya wino ni ile ile ila nukta moja. Utajiri haukwenda popote. Ulipangwa upya tu usionekane.

Simulizi hiyo, iwe ya kweli au ya kutungwa, inaieleza vizuri tabia ya mji. Majengo ya Tongli yana kuta nyeupe na vigae vyeusi, na kwa nje hayajigambi. Vichochoro vyake ni vyembamba. Kimojawapo, kiitwacho Chuanxin, yaani Kupenya Moyo, ni chembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana hulazimika kupishana ubavu. Kimetandikwa mabamba ya mawe juu ya uwazi, na kila hatua hutoa mlio mzito kana kwamba mtu anabisha hodi chini ya ardhi. Mvunguni mwa ukimya, kwa hiyo, kuna sauti.

Kingo za mifereji nazo zina maandishi yao kwa anayejua kuyasoma. Katika mawe ya gati yamechongwa matundu mfano wa pua ya ng'ombe, ambamo kamba za mashua zilipitishwa na kufungwa. Ukingo wa matundu hayo ni laini mithili ya jiwe la kusagia, kwa jinsi kamba zilivyousugua. Mashua za abiria leo huendeshwa na mtu aliyesimama nyuma, akilipindapinda kasia moja refu kushoto na kulia bila kulitoa majini. Chombo husonga kwa sauti ndogo ya mti unaosuguana na mti.

Karibu na kitovu cha mji, mahali mifereji inapokutana, yamejengwa madaraja matatu yanayotazamana: Taiping, Jili na Changqing, ambayo majina yake yanaombea amani, bahati njema na furaha ya kudumu. Kwa desturi ya Tongli, msafara wa bibi harusi huyavuka yote matatu. Mtoto akitimiza mwezi mmoja huvushwa akiwa amebebwa, na mzee akifikisha miaka 66 huyavuka pia. Hapa kuvuka maji ni kutoka hali moja ya maisha kwenda nyingine. Anayevuka anabaki mjini mle mle, lakini anafika ng'ambo akiwa amebadilika.

Maji yaliyotulia na yaliyoungana

Ni rahisi kuudhania mji wa namna hii kuwa pembe iliyosahauliwa na dunia. Ukweli ni kinyume. Magharibi mwa Tongli unapita Mfereji Mkuu, unaounganisha Beijing na Hangzhou kwa umbali wa karibu kilomita 1,800. Kipande chake cha mwanzo kilichimbwa mwaka 486 K.K.; watawala wa nasaba ya Sui wakaviunganisha vipande kuwa njia moja ndefu mwanzoni mwa karne ya 7; nasaba ya Yuan ikaufikisha Beijing mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 2014 mfereji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kupitia njia hiyo mchele na hariri za eneo hili zilikwenda kulisha na kuvika mji mkuu, na amri, habari na vyeo vikarudi. Mtu aliyekaa kwenye ngazi ya mwisho ya nyumba yake Tongli, miguu ikigusa maji, aliweza kupanda mashua pale pale na kushuka Beijing.

Mwanasosholojia Fei Xiaotong, aliyezaliwa Wujiang mwaka 1910, aliufanyia utafiti muungano huo katika kijiji cha Kaixiangong, wilaya hiyo hiyo. Alikuwa mwanafunzi wa Bronislaw Malinowski mjini London, kama alivyokuwa Jomo Kenyatta katika miaka hiyo hiyo ya 1930. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1939 alionyesha jinsi mashua za wakala zilivyotoka kijijini kila siku kwenda mjini zikiwa na maagizo ya wanakijiji, na jinsi kuanguka kwa bei ya hariri katika masoko ya mbali kulivyotikisa meza ya chakula ya mkulima. Kijiji kilichoonekana kimelala kilikuwa kimeshikamana na dunia kwa nyuzi zile zile kilizozisokota.

Hili ni jambo la msingi kwa swali la kujitenga. Maji ya mfereji hutulia kwa sababu mbili zilizo tofauti kabisa. Yanaweza kutulia kwa kuwa yamekatwa na chanzo chake, na hayo huoza. Yanaweza pia kutulia kwa kuwa yamefikia usawa na maji mengine yote yaliyoungana nayo. Kwa macho, hali hizo mbili hufanana, na mabishano ya wanafalsafa yanahusu namna ya kuzitofautisha kwa binadamu.

Maji kama mwalimu

Fikra za kale za China zilijifunza mengi kutoka kwa maji. Hadithi ya msingi ni ya Yu, mfalme wa kale anayesifiwa kwa kuyatawala mafuriko. Baba yake, Gun, alijenga maboma ya kuyazuia maji, nayo yakayabomoa. Yu akafanya kinyume: akachimba mikondo na kuyaacha maji yaende yanakotaka kwenda, yaani baharini. Husimuliwa kwamba katika kazi hiyo alipita mlangoni mwa nyumba yake mara tatu bila kuingia. Yu akawa kielelezo cha utumishi usiojua likizo. Wakati huo huo mbinu yake, ya kuongoza bila kulazimisha, ikapendwa hata na wanaoutilia shaka utumishi.

Mencius, aliyeishi katika karne ya 4 K.K., alitumia maji kueleza maumbile ya binadamu. Mpinzani wake alidai kwamba moyo wa mtu hauna mwelekeo, ni kama maji yanayozunguka shimoni, yatakwenda mashariki au magharibi kulingana na upande uliofunguliwa. Mencius alikubali kwamba maji hayachagui mashariki wala magharibi, lakini akauliza kama hayachagui juu na chini. Maji hushuka, na moyo wa binadamu, kwa maoni yake, huelekea wema vivyo hivyo usipozuiwa. Alieleza pia kwa nini Confucius aliyasifu maji: yale yenye chemchemi hujaza kila shimo linalokutana nayo kabla ya kuendelea mbele, ilhali ya mvua ya ghafla hujaa asubuhi na kukauka kabla ya jioni. Kutua shimoni, kwa hiyo, si kusimama. Ni hatua ya safari.

Xunzi, wa karne ya 3 K.K., aliufananisha moyo na karai la maji. Likiachwa bila kutikiswa, matope huzama na mtu huweza kuziona hata nyusi zake. Upepo kidogo ukilipitia, matope hupanda na uso hupotea. Zhuangzi, kabla yake, alikuwa ameitumia taswira ya maji yaliyotulia kama kioo na kama kipimo cha usawa kwa seremala. Kwa wote wawili utulivu ni chombo cha kuonea. Ila Xunzi aliutaka ili mtu apate kuamua mambo ya nchi kwa haki, na Zhuangzi hakuona haja ya kuyarudia mambo hayo baada ya kuona.

Laozi naye aliyasifu maji kwa sababu nyingine: hunufaisha kila kitu, hayashindani, na huridhika kukaa mahali pa chini ambapo watu hawapapendi. Kwa mafundisho ya Dao, yaani Njia, yanayohusishwa na Laozi na Zhuangzi, mahali pa chini hapana aibu. Mto hupokea maji ya mabonde yote kwa kuwa uko chini yao.

Bustani ya mtu aliyefukuzwa

Mwaka 1885 ofisa wa nasaba ya Qing aitwaye Ren Lansheng alirudi kwao Tongli akiwa amevuliwa cheo. Alikuwa ameshika wadhifa mkubwa jimboni Anhui, akashtakiwa kwa mfalme kwamba aliutumia kujinufaisha. Kati ya mwaka huo na 1887 alijenga makazi na bustani, kwa michoro ya Yuan Long, mchoraji wa hapo hapo Tongli. Bustani hiyo ni ndogo, haifiki hekta moja, lakini mwaka 2000 iliongezwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na bustani nyingine za kale za Suzhou.

Jina lake limetoka katika kisa cha Zuo Zhuan, kitabu cha kale cha historia. Mwaka 597 K.K. Xun Linfu, jemadari wa dola ya Jin, alishindwa vibaya na jeshi la Chu huko Bi. Aliporudi aliomba auawe, na mtawala wake alikuwa tayari kumkubalia. Ofisa mmoja akamtetea. Alisema kwamba kumuua kungekuwa kuizawadia Chu ushindi wa pili, na kwamba uaminifu wa mtu huyo haupimwi kwa anayoyafanya mbele ya mkubwa wake peke yake: akirudi nyuma pia hukaa akifikiri jinsi ya kujisahihisha. Jemadari akarudishiwa cheo chake. Mwaka 594 K.K. aliiletea Jin ushindi mkubwa dhidi ya watu wa Di.

Herufi *tui* iliyo katika jina la bustani ina maana ya kurudi nyuma, kuondoka mbele ya mkubwa, na pia kung'atuka. Kila msomi aliyepita langoni alikijua kisa kile tangu shuleni, kwa hiyo alilisoma jina hilo kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni toba: mwenye nyumba amekosa, naye ameketi kuyatafakari makosa yake. Maana ya pili ni ombi: mwenye nyumba anafanana na yule jemadari, na jemadari yule alirudishiwa kazi. Jina moja linainamisha kichwa na kuinua mkono kwa wakati mmoja.

Mpangilio wa bustani unaifuata hoja hiyo. Makazi ya kitajiri ya eneo hili kwa kawaida huingia ndani kwa kina, ua nyuma ya ua. Ya Ren yametandazwa kutoka magharibi kwenda mashariki, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba hakutaka utajiri wake uonekane kutoka langoni, mbinu ile ile ya jina la mji. Magharibi ziko kumbi za kupokelea wageni wenye vyeo, pamoja na vyumba vya familia. Katikati upo ua wa marafiki, wenye chumba kilichojengwa kwa umbo la mashua juu ya nchi kavu. Mashariki kabisa ndiko kwenye bustani yenyewe, na moyo wake ni bwawa. Mgeni anayetembea kwa mpango huo anavua wadhifa wake mlango kwa mlango, mpaka anabaki yeye na maji.

Majengo ya upande wa mashariki yamekaa chini sana, sakafu karibu sawa na uso wa bwawa, hata jumba kuu la kutafakari linaonekana kuelea. Kwenye ushoroba mmoja kuna madirisha tisa, kila moja likiwa na herufi moja katikati ya nakshi zake, na zote kwa pamoja zinausifu upepo na mwezi kuwa ni vitu visivyonunuliwa kwa fedha. Karibu yake imejitokeza mashua ya mawe, omo yake imeingia majini, na samaki wekundu hupita chini yake. Ina kila kitu cha mashua isipokuwa uwezo wa kuondoka. Mtu aliyeketi ndani yake anaweza kusema kwamba amefika, au kwamba bado anasubiri safari. Jiwe halimsaidii kuamua.

Ufundi huo ulikuwa na mizizi mjini humo. Ji Cheng, mwandishi wa Yuanye, kitabu cha kwanza cha Kichina kilichoeleza kwa mpangilio kanuni za kujenga bustani, alizaliwa Tongli mwaka 1582 na alikiandika kitabu hicho mwaka 1631. Kipimo chake cha bustani nzuri ni kwamba kazi ya mikono ya watu isionekane. Bwawa lichimbwe, lakini lionekane kana kwamba lilikuwapo siku zote.

Ren hakuikalia bustani yake sana. Mwaka 1887 Mto Huang He ulipasua kingo zake karibu na Zhengzhou, na mafuriko yakashuka hadi Anhui katika moja ya maafa makubwa ya karne hiyo. Katika kipindi hicho aliitwa tena kazini Anhui, akaenda, na baada ya muda mfupi akafariki akiwa kwenye utumishi. Maana ya pili ya jina ilikuwa imesikika.

Majibu matatu

Kisa cha Ren kinakaa ndani ya mabishano marefu, na majibu yaliyotolewa yanaweza kupangwa katika makundi matatu.

Jibu la kwanza ni la wafuasi wa Confucius. Kwao kurudi nyuma kunahesabika kuwa halali iwapo moyo haukuondoka. Mfano wao mkubwa ni Fan Zhongyan (989–1052), mtu wa Suzhou, ambaye mwaka 1034 alikuwa mkuu wa mji huo na alishughulika kufungua njia za kuyatoa maji ya mafuriko ya eneo la Ziwa Taihu. Mwaka 1046, akiwa ameondolewa makao makuu, aliandika insha fupi kuhusu mnara wa Yueyang. Alishikilia humo kwamba mtu mwema huwa na wasiwasi kabla ya watu wote na hufurahi baada ya wote. Akiwa ikulu huwawazia wananchi, akiwa mbali kwenye mito na maziwa humuwazia mtawala. Katika Kichina maneno "mito na maziwa" ni njia ya kusema maisha ya nje ya serikali. Kwa Fan, basi, hakuna mahali ambapo wajibu haufiki.

Jibu la pili ni la wafuasi wa Dao. Zhuangzi anasimuliwa akivua samaki kando ya Mto Pu wajumbe wa mfalme wa Chu walipomjia na ofa ya kuongoza serikali. Bila kugeuza uso, aliwauliza kuhusu kobe mtakatifu aliyekauka ndani ya sanduku la kifahari kwenye hekalu la mfalme: angechagua kuheshimiwa akiwa mfu, au kuburuta mkia wake topeni akiwa hai? Wajumbe wakajibu kwamba angechagua tope, naye akawaambia waende zao. Mshairi Tao Yuanming (365–427) aliliishi jibu hilo. Mwaka 405 aliacha ukuu wa wilaya ya Pengze baada ya siku zipatazo 80, akarudi shambani na hakushika tena kazi ya serikali. Kwake kurudi nyuma hakukuwa mapumziko kati ya vyeo viwili. Cheo ndicho kilichokuwa kupotea njia, na shamba ndilo nyumbani.

Jibu la tatu ni la Ubudha wa China, ambao uliligeuza swali lenyewe. Sutra ya Vimalakirti, iliyotafsiriwa kwa Kichina na Kumarajiva mwaka 406, inamweleza mtu mwenye mke, mali na biashara, anayeingia sokoni na barazani, na ambaye hata hivyo amewapita watawa kwa hekima. Yeye na wageni wake wanapoulizana maana ya ukweli usiogawanyika, kila mgeni anatoa maelezo yake; Vimalakirti ananyamaza. Mapokeo ya Chan, tawi mojawapo la Ubudha wa China, yaliufananisha unyamavu huo na radi, na Waswahili nao husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Fundisho lake ni kwamba kujitenga ni hali ya moyo. Mwenye moyo unaong'ang'ania vitu atabaki na kelele zake hata juu ya mlima, na asiyeng'ang'ania ana pango lake katikati ya soko.

Katika maisha ya kila siku wasomi wengi waliyachanganya majibu hayo matatu. Bai Juyi, aliyekuwa mkuu wa Suzhou mwaka 825 na 826 na ambaye chini yake mfereji wa Shantang ulichimbwa, baadaye aliusifia ukaa-pweke wa kati: kushika wadhifa mwepesi, wenye mshahara wa kutosha na muda wa kutosha, si ikulu na si msituni. Tongli yenyewe ina mchanganyiko huo kwa sura ya majengo. Kwenye kisiwa kidogo cha Luoxing, ndani ya Ziwa Tongli, vimekaa pamoja patakatifu pa Guanyin wa Kibudha, nyumba za miungu ya Kidao, na banda la Wenchang, mlinzi wa wasomi na mitihani. Majengo hayo yaliharibiwa katika vita vya karne ya 20, yakajengwa upya. Msafiri hushuka kwenye gati moja na kuyakuta majibu matatu uani pamoja.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza dhidi ya utulivu wa namna hii linahusu gharama yake. Madirisha tisa yanasema upepo na mwezi havinunuliwi, lakini bwawa, mawe na jumba la kuvitazamia vilinunuliwa, na mnunuzi alikuwa ofisa aliyeshtakiwa kujitajirisha. Aliyefukuzwa kazi bila mali hakujenga bustani, alilima. Wapakuaji wa mchele, wavuta mashua na wanawake waliosokota hariri hawakuwa na pa kurudi nyuma, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuwa mbele. Hoja hiyo ina uzito, na wafuasi wa Confucius wenyewe waliijua: kufikiri kunakoishia katika starehe ya anayefikiri hakujarekebisha kosa lolote. Kipimo chao ni kazi inayofuata. Kwa kipimo hicho, kinachomtetea Ren ni safari ya kurudi Anhui wakati wa maafa. Mashua ya mawe haiwezi kumtetea.

Pingamizi la pili linatoka upande wa Dao, na linamgonga Ren kutoka upande wa pili. Mtu anayeandika ombi la kazi juu ya lango la upweke wake hajajitenga. Bado anazungumza na ikulu, ila kwa sauti ya chini. Tao Yuanming asingejenga mashua isiyoondoka, kwani hakuwa na mahali pengine alipotaka kwenda. Jibu linalowezekana ni kwamba pingamizi hili linadai usafi ambao maji yenyewe hayana. Bwawa la bustani, mfereji wa mji na Mfereji Mkuu ni maji yanayojuana. Ukiyakata ili bwawa libaki peke yake, limeanza kuoza.

Kuutembelea leo

Tangu mwaka 2017 treni ya chini ya ardhi kutoka Suzhou inafika Tongli, na siku za sikukuu madaraja matatu hujaa watu kuliko gati za zamani zilivyojaa mchele. Anayetaka kuuelewa mji huchagua saa ya alfajiri, kabla ya makundi kufika. Ni wakati ambapo wenyeji wazee hukaa vibarazani na chai, na katika majira ya vuli huonekana wanawake wakibambua punje nyeupe za *qianshi*, mmea wa maziwani unaopikwa uji na keki. Kazi hiyo hufanywa kwa kucha za bandia za chuma, punje kwa punje, kwa kuwa ganda ni gumu na kiini huvunjika upesi. Hapo ukimya na kazi havigombani.

Ziara yenyewe ni kurudi nyuma kwa kadiri ndogo: mtu anaacha shughuli zake kwa siku moja, na jioni anazirudia. Kwa mafundisho ya Dao, faida yake ni kugundua kwamba zile shughuli ziliweza kuachwa. Kwa Ubudha, ni kuona kama kelele ilibaki mjini au ilisafiri ndani ya mgeni. Kwa wafuasi wa Confucius, faida hiyo haiwezi kuhesabiwa pale bwawani hata kidogo. Neno *tui* katika maandishi yao huenda sambamba na mwenzake *jin*, kusonga mbele, na lililofikiriwa nyuma hupimwa mbele, siku mtu anaporudi kazini na kulikuta kosa lake linamsubiri.